Mikeka ya Jua Juu ya Kituo cha Maziwa

Fundi Mita alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyogeuka vyeusi kwa kazi ya kuchomelea waya, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwita kwako taa zimegoma, hakuulizi umeamkaje. Anatoa mfukoni ile mita yake ya njano, anagusa hapa kwa waya mwekundu, anagusa pale kwa waya mweusi, ndipo anakuinulia macho. "Haya, sema. Umeunganisha pasi?" Na kweli utakuwa umeunganisha pasi.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akifufua betri za malori. Kwetu nguzo za umeme zinaishia barabara kuu. Kutoka hapo ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kila uchaguzi tunaambiwa waya uko njiani. Kwa hiyo taa zetu, redio zetu na simu zetu zote zilipita mikononi mwa Fundi Mita. Tulimwamini kama mtu anavyoamini kizingiti cha nyumba yake: hakiangalii, anakikanyaga tu.

Mimi ni mmoja wa wanawake kumi na moja wa kikundi cha maziwa. Kila mmoja ana ng'ombe wawili watatu. Lori la kiwanda hupita asubuhi, na maziwa ya jioni lazima yalale kwenye baridi, la sivyo asubuhi dereva anachovya kidole, ananusa, anakurudishia ndoo yako mbele za watu. Tulipewa ghala la zamani, tukanunua friza mbili, ikabaki shida ya umeme.

Ndipo alipotokea Bwana Mkeka. Huyu ni mume wa mdogo wake Fundi Mita, wa tumbo moja. Alikuwa na duka mjini, shati limenyooka, kiatu kinang'aa hata kwenye vumbi letu. Alikuja kwenye mkutano wa kikundi amebeba paneli ya jua kwapani, ameikunja kama mkeka, na jina likamganda siku hiyohiyo.

"Akina mama," alisema, "mmezoea paneli za kioo. Nzito kama jeneza! Jiwe moja la mtoto, kwisha. Sasa tazameni hii." Akaipinda mpaka ncha zake zikakaribia kusalimiana. Akaitupa chini. Akaipiga teke. "Imevunjika? Haijavunjika! Nyepesi, nyembamba, unaibandika kwenye bati kwa gundi kama stempu kwenye bahasha. Miaka ishirini na mitano mtakuwa mmenisahau."

Tulicheka, tukaishika, tukaikunja na sisi. Na tuseme ukweli, alikuwa na hoja. Paa la ghala lilikuwa bovu, mbao zake zimeliwa na mchwa, na kioo kizito kingetuangukia kichwani. Mwenyekiti wetu, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, alikunja mikono kifuani. "Mimi sisemi ndiyo," alisema akimtazama Fundi Mita, aliyekaa nyuma yetu, "mpaka Fundi Mita aseme."

Yaliyotokea nyumbani kwa Fundi Mita jioni ile nilikuja kuyajua baadaye kwa kinywa chake mwenyewe. Mdogo wake alimfuata, akakaa kwenye kigoda, akalia. Duka lilikuwa linayumba. "Dada, likifungwa tunarudi kwa mama na watoto wote. Neno lako moja tu, dada. Wewe wanakusikia." Fundi Mita alimwambia kwamba paneli laini si ya kuishi juu ya bati la moto, ni kitu cha mtu anayehamahama. Mdogo wake akafuta kamasi. "Kwani itakufa kesho? Itafanya kazi au haitafanya?"

"Itafanya," Fundi Mita alisema. Kesho yake akatuambia na sisi hivyohivyo, tukanunua.

Siku ya kubandika mimi ndiye niliyeshika ngazi. Saa sita mchana, jua liko utosini, hakuna wingu. Kabla ya kupaka gundi, Fundi Mita alipima paneli ya kwanza. Nyuma iliandikwa wati mia mbili. Nilimwona anatazama mita, anaitikisa kidogo, anapima tena. Kisha akapima ya pili. Bwana Mkeka alikuwa amesimama juu ya ngazi ya pili, jasho halimgusi.

"Mia na kumi na nane," Fundi Mita alimwambia kwa sauti ya chini.

"Shemeji, hiyo mita yako nayo imezeeka."

"Na hewa ipite chini yake. Tuiinue kwa vipande vya mbao. Hili bati mchana linakaanga."

"Utatoboa bati, maji yaingie. Gundi, shemeji. Gundi." Akamkonyeza.

Mwenyekiti akapaza sauti kutoka chini: "Fundi! Vipi huko, inafanya kazi?"

Fundi Mita aliizungushia mita nyaya zake, akairudisha mfukoni. "Inafanya kazi," akajibu. Akachovya brashi kwenye gundi.

Aliniambia kwamba tangu siku ile maneno yale mawili yalikaa ulimini mwake kama maji ya betri. Na wiki ileile Bwana Mkeka alimletea drili mpya ndani ya sanduku lake, zawadi ya asante. Aliiweka chini ya kitanda. Hakuwahi kuitumia, lakini hakuirudisha pia.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Friza zilinguruma, maziwa yalilala baridi, dereva wa lori akawa anatuamkia kwa heshima. Mwezi wa tano zile paneli zikaanza kugeuka rangi, zikawa za njano kama meno ya mvuta tumbaku. Fundi Mita alipanda akaziona, akampigia shemeji yake simu. "Hiyo ni vumbi tu," aliambiwa. "Waambie wazioshe." Tukazisugua kwa brashi na sabuni, na tulipomaliza zikawa na mikwaruzo kama sufuria ya mpishi mvivu. Jioni taa ya ghala ilianza kufifia mapema. Tukasema ni betri. Mtu asiyejua hulaumu kile anachokiona.

Mwezi wa nane lori liliharibika. Dereva alipiga simu: "Nipeni siku mbili. Fungeni friza, msifunguefungue, baridi isitoke." Friza zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, maziwa ya nyumba kumi na moja. Tukafunga. Kile kifaa cha kuchaji betri ukutani kilikuwa na taa ya kijani, nayo inawaka, basi roho zikatulia. Hatukujua kwamba taa ile inasema tu jua lipo. Haisemi linatosha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifika kwanza na mwenyekiti. Tulisikia harufu kabla ya kufungua mlango, tukadhani panya amekufa darini. Mwenyekiti akainua kifuniko cha friza ya kwanza.

Sijui niseme nini. Wewe umewahi kunusa maziwa yaliyochacha, lakini hayo bado ni maziwa. Haya yalikuwa kitu kingine. Madumu yalikuwa yamevimba matumbo, mengine yamefumuka vifuniko, na chini ya friza kulikuwa na uji wa kijivu unaochemka bila moto, povu juu yake na mabonge ya rangi ya usaha. Ile hewa ilikuwa ya joto. Ilinipiga usoni kama pumzi ya mtu. Mwenyekiti, mwanamke aliyezalisha ng'ombe kwa mikono yake, aliyetoa ndama aliyeoza tumboni bila kukunja uso, alitoka nje akainama ukutani akatapika. Mimi nilimfuata.

Tulimwaga nyuma ya ghala. Kila mwanamke alipofika alibeba dumu lake, amejifunga kanga puani. Inzi wakaja kama walioalikwa. Mbwa walikaribia, wakanusa, wakaondoka. Sijawahi kuona mbwa akikataa kitu.

Fundi Mita alikuja akikimbia. Hakupima chochote chini. Alipanda ngazi moja kwa moja, nami nikapanda nyuma yake, kwa sababu nilitaka kuona.

Paneli zilikuwa zimeota malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Tatu kati yake zilikuwa na madoa ya kahawia, kama alama ya pasi kwenye shati jeupe. Alichukua kisu kipana akaanza kuzibandua, nazo zikawa zinatoka vipande vipande kwa mlio wa plasta inayong'olewa kidondani. Chini yake kulikuwa na maji ya mvua yaliyonasa kwenye gundi, yamekuwa ute mweusi unaonuka, na mende wamejenga ukoo humo. Alipofika paneli ya nne alisimama. Kile kisanduku cha nyaya mgongoni mwake kilikuwa kimeyeyuka, kimeshikana na bati. Alilegeza bati, akalikunja. Mbao iliyokuwa chini yake ilikuwa imeungua, nyeusi, mkaa mtupu upana wa kiganja.

"Ghala lingewaka," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Alikata kile kipande cha mbao kwa msumeno, akashuka nacho mkononi. Sote kumi na moja tulikuwa tumekusanyika uani. Alisimama mbele yetu, mikono yote ute mweusi mpaka kwenye viwiko, akasema, "Siku ile ya kwanza nilipima. Zilikuwa mia na kumi na nane. Zimeandikwa mia mbili. Na nilijua bati litazichoma. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ni mume wa mdogo wangu."

 

"Mwongo tunamjua," mwenyekiti alisema. "Mwongo ana viatu vinavyong'aa, unamtambua kutoka mbali. Lakini wewe ndiye tuliyekupa tochi utumulikie, ukaizima." Akatema mate pembeni. "Nenda kanawe. Unanuka kama maziwa yetu."

Fundi Mita alikwenda kunawa. Aliniambia baadaye kwamba alinawa mara saba siku ile, kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na bado alipoleta mkono karibu na mdomo ale, alishindwa. Haikuwa harufu ya maziwa, alisema. Alikuwa anajichukia.

Kesho yake alimwomba daktari wa mifugo ampe lifti mjini pamoja na zile takataka za paneli. Nikaenda nao, maana nilikuwa na safari yangu sokoni. Daktari huyu huzunguka vijijini na gari lake, wiki tatu hayuko kwake, na juu ya gari ana paneli laini vilevile, ndogo, inayoendesha kisanduku chake cha baridi cha dawa. Fundi Mita aliitazama kwa jicho baya.

"Na wewe ulidanganywa?"

"Hapana," daktari alisema. "Mimi nilijua ninanunua nini. Gari langu halitaki uzito, barabara zenyewe unazijua, kioo kingepasuka wiki ya kwanza. Nimeifunga juu ya vyuma, upepo unapita chini. Nikiegesha kivulini naifungua naitandaza juani. Sasa ina miaka mitatu, nguvu imepungua karibu robo. Mwaka kesho au unaofuata nitaitupa. Hayo ndiyo maisha yake, na muuzaji wangu aliniambia hivyo hivyo."

Fundi Mita aligeuka dirishani. "Kumbe kuna wauzaji wanaosema," alisema.

Dukani tulimkuta Bwana Mkeka katikati ya maonyesho. Wateja wanne watano wamemzunguka, paneli mkononi, anaikunja, anaifungua, "haivunjiki, akina baba, haivunjiki!" Mkewe alikuwa nyuma ya kaunta. Fundi Mita aliingia na furushi lake kichwani, akalimwaga juu ya kaunta: vipande vya njano, malengelenge, ute, na mende mmoja aliyekuwa bado hai akakimbilia kwenye kitabu cha risiti. Harufu ikajaa chumba kizima. Mteja mmoja akafunika pua.

"Shemeji!" Bwana Mkeka alisema, bado anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonichefua kuliko mende. "Hizi umezibandika vibaya."

"Ulisema gundi."

"Jua la huko kwenu nalo ni kali sana."

"Paneli za jua," Fundi Mita alisema, "ulizileta kwa ajili ya mvua?"

Mteja mmoja akacheka. Tabasamu la Bwana Mkeka likapungua kidogo upande mmoja. "Tatizo, shemeji, umeshazibandua. Dhamana inasema zisibanduliwe. Mimi ningependa kusaidia, lakini mikono yangu imefungwa." Akainua mikono yake ionekane, safi, kucha zimekatwa vizuri.

Fundi Mita alitoa lile sanduku la drili kwenye mfuko wake, likiwa na vumbi la chini ya kitanda, akaliweka juu ya uchafu. "Hii yako."

Hapo mdogo wake akazungumza kutoka nyuma ya kaunta. "Dada, nenda. Unatuaibisha mbele za watu."

"Mimi?"

"Nenda, dada."

Nilimwona Fundi Mita akimtazama mdogo wake. Akamtazama na shemeji yake, aliyekuwa tayari anawageukia wateja, anasema kwa sauti laini, "Msijali, ni ugomvi wa kifamilia tu." Fundi Mita akatoka nje, akashika nguzo ya baraza, akatema mate mara tatu kama mtu aliyekunywa sumu.

Deni letu alililipa kwa kazi. Nyumbani kwake kulikuwa na paneli nne za kioo, alizozifunga yeye mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Alizishusha. Akazileta kwa mkokoteni, moja moja, akatukusanya, akampa mwenyekiti mita mkononi.

"Pima."

"Mimi najua nini?"

"Nyekundu hapa, nyeusi pale. Mimi nakuonyesha kuzidisha volti kwa ampea tu. Soma mwenyewe."

Mwenyekiti alisoma akiwa amekunja uso, tukazidisha kwa kijiti mavumbini. Zimeandikwa mia mbili na hamsini, zilitoa mia mbili na kumi na tano baada ya miaka kumi na moja. Mwenyekiti alirudia kupima zote nne, kwa sababu hakumwamini tena, na Fundi Mita alisimama pembeni akingoja.

Hakuzipandisha kwenye paa. Alichimba mashimo kando ya ghala, akasimamisha vyuma, akamwaga saruji, akazifunga pale chini zikiwa zimeinama kidogo ili mvua izioshe, na akazungushia uzio ng'ombe wasijikune. Kazi ya siku nne. Paa bovu halikuwa kikwazo tangu mwanzo; ardhi ilikuwapo. Alisema mwenyewe: "Hili nililijua tangu siku ile ya mkutano. Nililijua nikiwa nimekaa nanyi." Nyumbani kwake akarudia kibatari, mwaka mzima na zaidi.

Friza moja ilipona. Ya pili tuliiosha kwa siki, kwa majivu, kwa maji ya moto, tukaiacha wazi juani wiki mbili. Ukifunga kifuniko usiku mmoja tu, harufu inarudi. Sasa kuku wa mwenyekiti wanatagia humo.

Ungedhani yameisha. Baada ya miezi kadhaa mdogo wake Fundi Mita alikuja kwa dada yake mchana, bila mtoto, bila mzigo. Mimi nilikuwa pale nimepeleka redio. Hakukaa.

"Amepata kazi kubwa," alisema. "Shule ya bweni. Mikeka sitini. Juu ya bweni la wasichana."

Fundi Mita aliweka koleo chini. "Kwa gundi?"

"Kwa gundi. Dari yake ni ya mbao." Alikuwa anatazama ukuta. "Sijakwambia mimi."

"Na utarudi kwake?"

"Nitarudi kwa watoto wangu. Usiniulize zaidi, dada."

Alfajiri Fundi Mita alikuwa barabarani. Mwalimu mkuu alimpokea kwa kiburi kidogo, mkataba ulikuwa mezani unangoja muhuri. Fundi Mita hakuhubiri. Aliweka kile kipande cha mbao kilichoungua juu ya mkataba, akasema kilikotoka. Kisha akaomba paneli moja ya mfano, iliyokuwa imeegemea ukuta wa ofisi, itolewe juani, na mlinzi wa shule ndiye aliyeshika mita. Mia na tisa, na nyuma imeandikwa mia mbili. Mwalimu mkuu, Fundi Mita anasema, alinusa ile mbao, akaiweka chini, akauliza swali moja tu: "Wasichana mia na arobaini wanalala humo, unajua?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mkataba haukupigwa muhuri. Bwana Mkeka alijua bila kuambiwa ni nani aliyempeleka dada mtu kule, na nyumba yake haikukalika majuma mengi. Duka alilifunga, akafungua jingine mji mwingine. Sasa anauza vichujio vya maji. Nimesikia anasimama mbele za watu, anachota maji ya tope, anayachuja, anayanywa mpaka chini, anafuta mdomo kwa leso. Nilipomwambia Fundi Mita habari hiyo aliinua mkono kunizuia. "Basi," alisema. "Nitashindwa kula."

Kazi bado anafanya. Watu walirudi kwake polepole, na wengine hawajarudi. Anayekuja na paneli laini hamfukuzi. Anamuuliza itakaa wapi, itapata upepo, anataka imfae miaka mingapi, na akisikia jibu linaloridhisha anaifunga. Mwenyekiti amenunua mita yake mwenyewe, anaibeba kwenye mkoba wa kwenda sokoni, na wauzaji wakimwona hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

Mdogo wake hajakanyaga tena kwa dada yake. Mwezi uliopita nilikutana naye kituo cha mabasi, amekonda, akanipa salamu nimfikishie dada. Nilizifikisha. Fundi Mita alikuwa amepiga magoti chini ya meza anatafuta msumari ulioanguka. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko msumari unavyotafutwa, kisha akauliza kama mdogo wake alikuwa amevaa viatu au alikuwa peku.

"Alikuwa amevaa," nikasema.

"Haya," akasema, na akaomba nimshikie taa.